Ombi la Ushuru wa Forodha Mlangoni pa Jikoni

Kwa Shemeji Muhamadi,
Mwenyekiti wa Baraza la Familia,
Goma.

YAH: KUOMBA USHURU WA FORODHA UTOZWE KWENYE SOMBE YA MKE WA MWANANGU

Shemeji mpendwa, asalaam alaikum. Na kwa upande wangu, Tumsifu Yesu Kristu. Nimeweka salamu zote mbili ili pasitokee mtu wa kusema barua hii ina upendeleo.

Ni mimi Verediane, mjane wa mdogo wako Narcisse, wa Gisenyi. Umeniambia mara nyingi kwamba malalamiko ya nyumba hii niyalete kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu napiga kelele na wewe una presha. Nimetii. Ila miwani yangu ilivunjika Jumanne kwenye foleni ya mpakani, mama mmoja aliikanyaga huku ameweka kapu la nyanya kichwani wala hakujua, kwa hiyo naisema barua hii kwa mdomo na kuna mtu ananiandikia. Nimemwapisha aandike kila neno bila kupunguza. Jina lake nitalitaja mwishoni.

Jambo lenyewe unalijua. Jumapili ya wiki ijayo mjukuu wetu Hirwa anabatizwa. Watakuja wageni arobaini, na nusu yao ni wa kwenu Goma. Wewe kama mwenyekiti ndiye utakayesema nani asimame jikoni siku hiyo. Tangu niolewe kwenye ukoo huu nimesimama mimi, harusi kwa msiba, hata siku tuliyomzika Narcisse nilipika mimi. Safari hii nasikia minong'ono kwamba atasimama Illuminée, mke wa Gentil, ambaye mwanangu alimtoa kwenu Goma mwaka juzi. Naomba uzuie jambo hili kabla halijawa aibu.

Usiseme ni wivu. Ni uchumi.

Mwezi uliopita ushirika wetu wa akina mama wanaovusha bidhaa mpakani ulipewa semina ya siku mbili. Mwalimu alikuwa kijana anaitwa Shyaka, ametoka Kigali na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Siku ya kwanza alitufundisha kwa nini serikali hutoza ushuru bidhaa za nje: kulinda viwanda vichanga, kulinda kazi za watu, kuzuia bidhaa za kutupwa kwa bei ya bure, na kulipiza kisasi. Shemeji, nilikaa pale nikahisi kama kijana yule amelala kwetu wiki nzima akichungulia jikoni. Alisema siku ya pili angetueleza kwa nini wazee wa uchumi wa Uingereza, wale wa zamani sana, hawakukubaliana na hayo. Siku ya pili sikwenda. Nilikuwa Goma nauza viazi vyangu vya Mudende. Lakini jina langu halikupotea kwenye orodha, kwa sababu nilimtuma Illuminée akasaini badala yangu na kula sambusa zangu, kama tunavyofanyiana sisi wote wa ushirika. Sioni kama nilikosa kitu. Mwenye akili haambiwi mara mbili, na siku moja inatosha.

(Mwandishi wangu amekohoa. Ni vumbi la makaa. Tuendelee.)

Mashtaka yangu ni haya:

1. Nyumba yangu imefurika bidhaa ya kigeni. Kabla ya ndoa ile, sombe, hicho kisamvu cha kwenu, ilikuwa inaingia humu mara mbili kwa mwaka, tena kwa adabu. Leo inaingia mara nne kwa wiki, imetwangwa, imejaa mawese, imepandiwa na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, juu. Maharage yangu, ambayo ni bidhaa halali ya ndani, yanakaa kwenye sufuria yakitazamana. Mwalimu Shyaka alisema kiwanda kichanga kilindwe mpaka kikomae. Kiwanda changu kina miaka thelathini na minane, lakini sijawahi kusema kimekomaa. Mpaka leo bado najifunza kiasi cha maji. Kwa hiyo ni kichanga.

2. Anauza kwa bei ya kutupa. Tena hauzi, anagawa! Kila akipika hujaza bakuli akampelekea jirani yetu Drocella juu ya ukuta. Sasa wewe unajua desturi: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bakuli la Illuminée hurudi na parachichi, hurudi na vitunguu, siku moja lilirudi na sabuni ya kipande ambayo haijafunguliwa. Nami nikaona nisipitwe, nikapeleka bakuli la maharage. Lilirudi siku ya tatu, Shemeji. Limeoshwa. Limekauka. Ndani hamna hata ndimu. Nilisimama nalo uani nikaligeuza kuangalia chini, labda kitu kimeganda. Hapakuwa na kitu. Nchi zimepigana kwa makosa madogo kuliko hilo.

3. Viwango. Sombe yake ina chumvi nyingi.

(Mwandishi anauliza kama hilo nina uhakika nalo. Ninao. Ameandika lakini amebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka, utaona mwenyewe.)

4. Watu wamepoteza kazi. Mwiko wangu mkubwa, ule wa marehemu mama mkwe, umening'inia ukutani tangu Pasaka. Mafiga yangu mawili yamefanywa ya kukalia. Hata mbwa wetu, Dwani, yaani forodha kwa Kifaransa, ambaye Narcisse alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa habweki mpaka aone mzigo, amebadili uraia. Zamani mabaki ya maharage yangu yalikuwa haki yake ya kila jioni. Siku hizi nikimwekea ananusa, ananitazama kwa huruma, halafu anakwenda kulala mlangoni kwa Illuminée kusubiri kichwa cha sambaza. Huyo ni mbwa niliyemlea kwa maziwa.

5. Magendo. Hapa nitakiri kwamba nilijichukulia hatua kabla ya kuomba kibali chako. Jikoni kwetu, kama unavyojua, ni nyuma ya nyumba, na sahani lazima ivuke ua ili ifike sebuleni. Ua huo niliufanya mpaka. Nikaweka kiti katikati, mwavuli juu, bakuli mapajani, na nikatangaza kwamba kila sahani ya sombe inayovuka italipa vijiko viwili papo hapo. Viwili tu. Hata Ulaya hawatozi kidogo hivyo.

Unajua walifanya nini? Gentil, mtu mzima, ana tai shingoni, mfanyakazi wa ofisi, alianza kula jikoni amesimama ili asivuke. Nilipomfuata akaniambia huku mdomo umejaa, "Mama, hii haijavuka. Iko ndani ya nchi yake." Wageni wakaanza kupitishiwa sahani dirishani. Drocella akawa anapokea juu ya ukuta na kuizungusha mpaka mlango wa mbele, njia ndefu kabisa, na kila aliyeipokea ameonja. Kwa hiyo chakula kilifika sebuleni nusu, kimepoa, na wa kulaumiwa nikawa mimi.

Mapato ya ushuru kwa wiki mbili yalikuwa mabakuli matatu. Ukaguzi ulihitaji yaonjwe, nami ndiye niliyekuwa afisa pekee wa zamu, kwa hiyo niliyaonja. Yote. Naomba hilo lisitumike dhidi yangu barazani.

(Mwandishi anacheka. Nimemwambia aandike kwamba anacheka.)

6. Kulipiza kisasi. Illuminée alipoona kiti changu uani, hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Aliweka ushuru wake: kila nikitaka kumbeba Hirwa, sharti nilete kikombe kimoja cha mgando. Wewe umekunywa mgando wangu, unaujua. Maziwa ni ya ng'ombe wa Mudende, nayagandisha mwenyewe kwenye kibuyu cha mama yangu, ambacho tulikihamisha kutoka Ngara kimefungwa kwenye blanketi kana kwamba ni mtoto. Ni maziwa tu, si bidhaa ya kuingia kwenye mjadala. Lakini fikiria unyanyasaji: bibi analipa ili ashike mjukuu! Asubuhi kikombe, mchana kikombe. Anakunywa pale pale mbele yangu, amefumba macho, halafu ananikabidhi mtoto na masharubu meupe mdomoni. Kama huo si uonevu wa nchi kubwa kwa nchi ndogo, sijui ni nini.

7. Shtaka hili nilitaka niliache, lakini nitalisema. Juzi Ijumaa niliamka mapema kama kawaida, nikafunga kitenge, nikaenda jikoni. Nikakuta moto umeshawashwa, viazi vimeshamenywa, mboga ziko jikoni zinachemka. Gentil akanishika mabega, kwa upendo kabisa, sikatai, akasema, "Mama, we pumuzika tu sasa. Umetumika kazi ya kutosha. Illuminée iko." Akanitolea kiti cha sebuleni, kile cha mito, akakiweka kibarazani penye jua. Nikakaa.

Shemeji, nilikaa pale sijui mikono yangu niiweke wapi. Niliiweka mapajani, nikaitoa. Nikashika kitambaa cha kiti, nikakikunja, nikakikunjua. Watu wakapita njiani wakanisalimu, "Amakuru, Mama, leo umepumzika!" nikajibu ndiyo. Nimevusha viazi kwenye mpaka ule miaka mingi, nimesimama kwenye mvua ya foleni, sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwenye kile kiti. Niliona haya kulia kwa sababu nimepewa mto. Lakini nililia. Kama sipiki, humu ndani mimi ni nani? Mgeni asiyeondoka?

(Mwandishi ameacha kuandika kidogo. Nimemwambia asilowanishe karatasi. Sasa ameendelea.)

Najua utakalosema, kwa maana nakujua. Utasema: "Verediane, wewe mwenyewe unavusha viazi kuleta kwetu kila siku ya Mungu, na mwaka ule afisa mmoja alipotaka kukutoza kwa magunia mawili, ulikaa chini barabarani ukasema wanataka kuua mjane." Ni kweli nilikaa chini. Ningekaa tena. Lakini hayo mambo hayafanani. Viazi vyangu ni vizuri na watu wa Goma wanavihitaji, na mtu akizuia kitu kizuri kumfikia anayekihitaji, huyo ni adui wa watu. Sombe ya Illuminée ni tofauti. Ni nzuri na watu wa humu wanaihitaji, ndiyo maana ni hatari.

Mwandishi wangu ananiomba niirudie sentensi hiyo polepole. Nimeirudia. Sioni tatizo lake.

Basi kwa heshima zote naliomba Baraza liamue yafuatayo. Sombe itozwe nusu sahani kwa kila sahani, na nusu hiyo ikabidhiwe kwangu kwa ukaguzi. Mawese yasiingie nyumbani bila cheti kinachoonyesha mchikichi ulikotoka. Sambaza zihesabiwe kichwa kwa kichwa, na vichwa vyenyewe vipigwe marufuku kabisa mpaka mbwa arudi kwenye uraia wake. Drocella aonywe kwa barua kuhusu bakuli langu, na alirudishe upya, safari hii likiwa na kitu ndani. Kumbeba mjukuu kusitozwe chochote na yeyote, kwa kuwa Hirwa ni rasilimali ya pamoja. Na Jumapili ya ubatizo, chakula chote kiwe cha ndani: maharage, viazi, ndizi na kabichi, nipike mimi, na mlango wa jikoni ufungwe kwa ufunguo ambao nitauvaa shingoni pamoja na rozari.

Baraza lisipokubali, nitahamia Kanama kwa dada yangu, nikapike huko, ambako watu bado wana njaa ya heshima.

Nisalimie watoto wote, nisalimie mama yao, mwambie ile blausi inanitosha ila mikono inabana. Wasalimie majirani zako wa upande wa msikitini na yule fundi redio ambaye bado anayo redio ya Narcisse. Hapa Gentil anakusalimu, Hirwa anakusalimu kwa miguu, Dwani hakusalimu kwa sababu tumekosana.

Wako katika familia na mwenye kunyimwa jiko,
Verediane

N.B. Shemeji, niliahidi jina la mwandishi. Ni Illuminée.

Usicheke, na kama unacheka shika presha yako. Ningemtuma nani? Mwandiko wa Gentil hausomeki hata na yeye mwenyewe. Yule binti alikuwa karani Goma, anaandika herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Tulipatana hivi: yeye akae kwenye kile kiti cha mito aandike, mimi nisimame jikoni niikoroge sombe yake isishike chini, na nimtajie maneno kupitia mlangoni. Malipo aliyakataa. Alitaka mgando tu. Kikombe cha kwanza kilimfikisha shtaka la tatu, pale pa chumvi akagoma mpaka nikamwongeza. Sasa tuko cha nne, na lile neno "Wako katika familia" aligoma kuliandika mpaka nimimine.

Nilipokuwa namimina nikamuuliza, basi tu, siku ile ya pili Shyaka alisema nini. Akaniambia wale wazee wa Uingereza walisema nyumba yenye akili haitengenezi yenyewe kile ambacho jirani anakitengeneza vizuri zaidi. Inampa jirani chake na kuchukua cha jirani. Nikamwambia, na kama jirani anakushinda kila kitu? Akasema waliliona hilo pia, kwamba hata anayekushinda kwa kila kitu atafaidika akikuachia kile ambacho anakushinda kwa kidogo zaidi, ili yeye ashike kile anachokushinda kwa mbali. Nikamwambia, na kama huyo mwingine hana analoliweza? Akasema, "Mama, huyo mutu hawakumuandika, sababu hawakumuonaka."

Halafu akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niongeze karatasi. Wageni wote ishirini wa kwenu wameshamuuliza kama siku ya ubatizo kutakuwa na mgando wa Mama. Yeye amejaribu kuugandisha mara tatu kwa siri, mara zote umekuwa maji na harufu, akamwaga nyuma ya choo. Ndiyo maana akauwekea ushuru, kwa sababu alikuwa anaona haya kuuomba. Miezi yote hii nimehesabu sombe ikiingia, Shemeji. Maziwa yakitoka sikuyahesabu hata kikombe.

Basi futa mashtaka yote, la kwanza mpaka la saba. Bakiza la Drocella na bakuli, hilo ni la kanuni. Sombe apike yeye, mgando na maharage nifanye mimi, na ufunguo wa jikoni autupe anayetaka. Wewe ukija njoo na mawese lita tano. Si tatu kama mara ile. Pale mpakani wakikuuliza, sema ni ya kupikia nyumbani.

Namwacha mwandishi afunge bahasha, mimi nakwenda kuleta kibuyu.

Baba Mukubwa, ni mi Illuminée, niko naandika mbio mbele ya Mama kurudi. Ile shtaka ya tatu si ya kweli, chumvi iko sawa. Na hii sombe ya leo iliiva tangu asubui, haikukuwa tena na lazima ya kukorogwa. Ile Ijumaa alikaa kwa kiti, mi nilimuona kupitia dirisha vile alikuwa anakunja kile kitambaa. Donc, basi leo nilimupatia mwiko. Ametia siagi yake ndani bila kuniuliza, na sasa iko tamu kupita yangu. Tafazali usimuambie.